Vipande Viwili vya Kushoto

Mafundi wa nguo ni watu wa ahadi nyingi na ukweli wa kupimwa kwa kijiko. Ukiambiwa njoo kesho, elewa wiki ijayo. Ukiambiwa vimebaki vifungo tu, jua kitambaa chako bado kimekunjwa vilevile ulivyokileta. Lakini nyuma ya duka moja la viatu kulikuwa na karakana ambayo nguo ilitoka siku iliyosemwa, na sababu yake ilikuwa mwanamke ambaye wateja walimwita Mkasi.

Jina alilistahili. Katika karakana ya nguo kushona ni kazi ya wengi, kukata ni kazi ya mmoja, kwa kuwa mshono mbaya hufumuliwa ukarudiwa, ila kitambaa kilichokatwa vibaya hakina pa kukata rufaa. Mkasi alikata huku akiongea. Alimsikiliza mteja akilalamikia kiuno cha suruali, akamjibu aliyebisha hodi, akamkumbusha mshonaji kwamba lile gauni la bluu zipu yake ni ya ubavuni wala si ya mgongoni, na muda wote huo mkasi ulitembea juu ya mstari wa chaki bila kusita. Watu walikuja kuchukua nguo zao wakabaki kutazama.

Mshonaji huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Wateja walimwita Redio, na sidhani kama kuna haja ya kueleza kwa nini. Asubuhi alifungua mdomo pamoja na mlango wa karakana, na jioni alivifunga vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukianza sentensi aliimaliza yeye, mara nyingi tofauti na ulivyokusudia. Mume wa Mkasi, dereva wa malori ya masafa marefu, alisema safari zake ndizo likizo ya masikio yake. Wanawake hao wawili waliitana wifi, walitaniana kama mawifi wanavyotaniana, na kwa miaka mingi Redio alisimulia na Mkasi akaitikia "ehe" bila kuinua macho. Kila mmoja aliridhika na mgawanyo huo wa kazi.

Ugonjwa ulianzia jichoni. Asubuhi moja jicho la kushoto la Mkasi lilianza kuona kila kitu kama kupitia kioo kilichopakwa sabuni, na kabla halijapona, mguu ukaanza kufa ganzi. Hospitali walimzungusha chumba hadi chumba, wakampiga picha za ubongo na uti wa mgongo, na mwishowe daktari wa mishipa ya fahamu akamkalisha na kumtajia jina refu ambalo wenyewe hulifupisha kwa herufi mbili, MS. Alimweleza kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, imekosea adui: inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo wenyewe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimalizia Redio, ambaye alikuwa amemsindikiza. Daktari alikiri kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuueleza ugonjwa huo kwa ufupi kiasi hicho.

Mkasi alipewa dawa ya kutundikiwa kila baada ya miezi kadhaa. Jicho lilirudi. Mguu ulibaki mzito, kwa hiyo wakamtafutia kigoda kirefu, akawa anakata akiwa ameketi. "Mguu haukati kitambaa," aliwaambia waliokuja kumpa pole. Alishukuru kwa moyo wote, akidhani ugonjwa umeshachukua ulichokuja kuchukua. Hakuna aliyemtahadharisha kwamba unaweza kuingia hata kwenye kufikiri.

Nao haukuingia kwa kishindo. Alisoma upana wa bega la mteja kwenye futi, akageuka kuchukua chaki, na kipimo kikatoweka hapo katikati. Alitafuta neno "pasi" wakati pasi yenyewe iko mbele yake inatoa mvuke. Neno lilimwona, yeye hakuliona. Watu wawili wakiongea kwa pamoja, sauti zao ziliungana zikawa kelele tupu isiyo na maana. Utani ukitolewa, wenzake walicheka wakamaliza, ndipo naye akaanza kucheka, peke yake, wakamgeukia. Cha ajabu ni kwamba hakuwa amesahau lolote la maana. Alijua koti linavyokatwa, alimjua kila mteja na kasoro za mwili wake. Vyote vilikuwamo kichwani, ila vilifika vimechelewa, kama wageni walioelekezwa njia ndefu.

Alijificha nyuma ya umri. "Nazeeka," alisema, na watu wakamkubalia upesi kuliko alivyopenda. Wengine walisema tangu augue amekuwa na maringo, hajibu salamu. Alikuwa akijibu, jamani. Jibu lilipokuwa tayari, mwenye salamu alikuwa ameshapita.

Kisha likaja lile koti la karani wa mahakama.

Karani alileta kitambaa kizito chenye maua makubwa upande wa nje, na upande wa ndani kikiwa cheupe. Alitaka ua likutane na ua pale koti linapofungwa kifuani. Sasa, kwa kawaida mkataji hukunja kitambaa mara mbili, akakata kushoto na kulia kwa pamoja, vikatoka mapacha. Kitambaa cha maua yanayopaswa kukutana hakikatwi hivyo. Unakitandaza kimoja, unaweka pateni, ile karatasi ngumu yenye umbo la kipande, unakata kifua cha kushoto. Halafu unaigeuza pateni chini juu, unatafuta ua la kuoana na la kwanza, unakata kifua cha kulia. Kugeuza pateni ni jambo ambalo mkono wa mkataji hulifanya bila kuagizwa.

Siku hiyo Redio alikuwa katikati ya kisa cha jirani aliyenunua kitanda kisichopita mlangoni. Simu ya mtu ililia. Mwanamke mmoja alisimama kizingitini akauliza kama wanapunguza suruali za kiume, Mkasi akamjibu kwamba wanapunguza, akasema "ehe" kwa ajili ya kitanda, akatafuta ua, akakata. Alipovichukua vile vipande kuvibana kwa pini, vilikataa kukabiliana. Alivizungusha hivi na hivi. Vilikuwa vipande viwili vya kushoto.

Kitambaa kingekuwa sawa pande zote mbili, angekipindua kimoja na dunia isingejua. Hiki kilikuwa na uso mmoja, na kilichobaki hakikutosha hata kola. Lilikuwa kosa la mtu anayejifunza, kosa ambalo yeye mwenyewe, akiona wengine wamelifanya, alizoea kuwacheka wiki nzima.

Redio alikuja, akaviangalia. "Wifi," akasema, "umemkatia mtu mwenye mabega mawili ya kushoto."

Mkasi hakucheka, mapema wala kwa kuchelewa. Redio naye, kwa kuwa bora nusu shari kuliko shari kamili, alishusha kitambaa cheusi kutoka rafuni na kushona kifua cha kulia kwa hicho. Koti likawa nusu maua, nusu usiku. Karani alipolivaa alijizungusha mbele ya kioo, akajisifu, akawasifu mafundi, na wiki iliyofuata wakaja wenzake wawili wa mahakamani wakitaka la namna hiyohiyo. Redio alicheka mpaka akatoboa kidole kwa sindano. Alisema wangejua mapema wangekuwa wanakosea kila siku.

Mkasi alikwenda nyuma ya marobota ya vitambaa akalia. Wengine wangeshukuru kwa bahati hiyo, na yeye mtu wa shukrani, ila siku hiyo hakuweza. Alikuwa amekosea bila kujua kwamba anakosea, kisha akasifiwa. Aliogopa siku atakayoharibu kitu kisichofichika, cha mtu asiye na kingine. Siku hiyo ingembidi aondoke kwenye meza ile, na nje ya meza ile hakujua yeye ni nani.

Safari hii alimweleza daktari ukweli wote. Daktari akampeleka kwa mtaalamu wa kupima kufikiri, msichana mpole aliyevaa viatu bapa na kuongea taratibu kana kwamba ana siku nzima. Mumewe alikuwa safarini, kwa hiyo Redio ndiye aliyemsindikiza tena, akaachwa nje na jarida la zamani la kusoma. Alimsomea jirani yake wa benchi kurasa mbili kwa sauti kabla hajaombwa kupunguza.

Ndani, Mkasi alipewa karatasi yenye alama, kila alama na namba yake juu, akaambiwa ajaze namba kwenye mistari kwa haraka awezavyo. Hakufika mbali. Kisha akavishwa vipokea sauti masikioni. Sauti ilisoma namba moja moja, na kazi yake ilikuwa kujumlisha kila namba na ile iliyotangulia. Mwanamke huyu alikuwa akijumlisha kichwani vitambaa vya kwaya nzima, warefu kwa wafupi, huku akinywa chai. Pale alipotea baada ya namba chache tu. Akiwa bado anajumlisha, nyingine ilikuwa imeshaingia na kuikanyaga ya kwanza. Alivivua akaviweka mezani.

"Wengi wanataka kuvitupa dirishani," alisema yule msichana. "Wewe umeviweka vizuri. Tupumzike, halafu tufanye mengine bila saa."

Bila saa mambo yalikuwa tofauti. Alipanga maumbo, akaeleza maana za maneno, akakumbuka hadithi aliyosomewa alipoisikia mara ya pili. Yote aliyafanya vizuri, na kule kupanga maumbo aliwapita wengi. Lakini alipotoka alikuwa amechoka kama aliyefua nguo za mji mzima.

Daktari aliwaita wote wawili akawasha picha ya ubongo kwenye kompyuta. Aliwaonyesha madoa meupe, makovu ya pale utando ulipoliwa, kisha akaonyesha sehemu ambako ubongo wenyewe ulikuwa umepungua, umekonda kidogo kuliko miaka ya nyuma. Alieleza vizuri, na sitamlaumu. Alisema ujuzi wa Mkasi uko palepale. Kilichoshuka ni kasi ya habari kutoka sehemu moja ya ubongo kwenda nyingine, kwa sababu njia zimeharibika na habari inalazimika kuzunguka. Alisema si wazimu, si uvivu, na umri hauhusiki sana. Akaendelea kusema mengine.

Mkasi hakuyapata hayo mengine. Alisikia "umepungua" akabaki hapo. Neno moja lilimshika, na maneno yaliyofuata yakapita juu ya kichwa chake moja baada ya jingine. Alimwona Redio akiuliza kitu, akamwona daktari akijibu kwa urefu, akaona Redio akitikisa kichwa polepole. Kwenye teksi Redio aliongea kwa sauti ya chini, muda mrefu kidogo. Mkasi aliitikia "ehe", macho dirishani, na walipofika hakuwa na neno hata moja la kukumbuka.

Tangu siku hiyo karakana ikabadilika. Kila Mkasi aliposhika chaki, Redio alikata sentensi katikati. Cherehani ilizimika. Mteja akiingia, Redio alimshika mkono akamtoa nje, wakaongelea huko, na Mkasi akabaki na meza yake, kitambaa chake na ukimya ambao haujawahi kuwamo katika chumba kile. Kama kuna mtu anayejua kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, ni mtu aliyeishi na Redio kisha Redio akanyamaza.

Alianza kuunganisha mambo, na mtu mwenye hofu huunganisha hata visivyoungana. Wifi amechoka kufunika makosa. Wifi ameona ile picha. Mumewe alipopiga simu na kuuliza "Redio amekuambia?" alijibu ndiyo ili asionekane hajui, na baada ya hapo akazidi kuogopa. Kisha mchana mmoja akamwona Redio na seremala. Seremala alipima urefu wa meza ya kukatia, akapima kutoka ukutani hadi mlangoni, wakanong'ona, akaondoka. Mkasi alielewa, au alidhani ameelewa. Meza ya pili inaingia, na nyuma yake mkataji wa pili, kijana mwenye kichwa chepesi.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba hakuona sababu ya kukasirika.

Katika siku hizohizo alikuja fundi saa. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili, mzee mtaratibu aliyezoea vitu vidogo. Alibeba mahameli ya kijani kibichi iliyofungwa ndani ya shuka. Marehemu mkewe aliinunua zamani akaiweka sandukuni kwa ajili ya siku maalumu.

"Siku maalumu zilikuja nyingi," alisema mzee, "ila yeye kila moja aliiona haitoshi. Sasa binti yetu anaolewa. Nataka koti la kuvaa siku hiyo. Najua kitambaa kinatosha koti moja tu na hakipatikani tena, ndiyo maana nimekuja kwako mwenyewe."

Mkasi alipitisha kiganja juu ya mahameli. Ukiipapasa kuelekea chini inalala na kung'aa; ukiipapasa kuelekea juu inasimama na kuwa nyeusi. Ina uso mmoja na mwelekeo mmoja, na kwa kiasi kile ingebidi ikatwe ikiwa imetandazwa moja, pateni ikigeuzwa. Ulikuwa mtego uleule, na safari hii hakuna kitambaa cheusi cha kuficha aibu, maana hakuna mtu angemrudishia mzee nusu ya mkewe.

"Niachie, mzee," alisema. Alijua wakati anasema kwamba hataikata yeye.

Jioni, wateja walipokwisha, alimwambia Redio aketi. Alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi yake tangu mchana ili isimpotee.

"Wifi, huyo mkataji unayemleta, mlete mapema. Mahameli ya mzee aikate yeye. Sitaki niiharibu."

"Mkataji gani?"

"Wa meza mpya. Nilimwona seremala."

Redio alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea cherehani, na ghafla akaona uso wa mwenzake akaacha.

"Meza gani, wifi? Seremala anajenga ukuta wa mbao, hapo, na mlango. Meza inabaki ilipo na wewe unabaki ilipo meza. Ninayehama ni mimi. Mimi na cherehani na mdomo wangu tunakwenda kibarazani, na wateja tutawapokea hukohuko."

Mkasi alisubiri maneno yamfikie. Redio aliona anasubiri, akasema tena, polepole, jambo moja baada ya jingine.

"Nilimuuliza daktari kama unaweza kukata. Akasema unaweza, mikono na akili ya kukata vipo. Ila kitu kimoja kwa wakati mmoja, asubuhi kabla hujachoka, na mahali pa kimya. Nikamuuliza, je, mtu akiwa anaongea pembeni tu, hasemi la maana? Akasema kwa ubongo wako sasa hivi kusikiliza ni kazi, sawa na kukata. Anayeongea anakutwisha kazi ya pili." Alinyoosha gauni lake magotini ingawa halikuwa na kunyanzi. "Nimejaribu kunyamaza humu ndani, wifi. Mungu anaona. Siku ya pili tumbo likaniuma. Nikaona hapana, bora nihamishe mdomo, kuuzima hauzimiki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kwenye teksi, yote. Ukasema ehe."

Wakatazamana, na safari hii walianza kucheka kwa pamoja. Mkasi alicheka hadi machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Siku zote zile alidhani anasukumwa nje, kumbe anatengewa nafasi. Alifikiria ukimya ule aliouogopa, kila sentensi iliyokatwa katikati, kila mteja aliyeshikwa mkono na kutolewa, na akaelewa kwamba kwa Redio kila mara ilikuwa ni kama kufunga saumu. Hakuna aliyewahi kumpa kitu kikubwa hivyo. Alitaka kumwambia. Maneno yalikawia, na Redio, ambaye hajawahi katika maisha yake kuacha sentensi ya mtu imalizwe na mwenyewe, alikaa akayangoja mpaka yakaja.

"Asante, wifi," alisema Mkasi. "Sikujua napendwa kiasi hiki."

"Usinilize, nimepaka wanja," alisema Redio.

Ukuta ulisimamishwa. Asubuhi ya mahameli Mkasi aliingia peke yake akafunga mlango. Aliondoa mezani kila kisichohusika, hata kikombe. Alitandaza kitambaa, akakipapasa, akachora kwa chaki mshale wa kuonyesha mahameli inalalia wapi. Aliweka pateni ya kifua cha kushoto, akaizungushia chaki, akakata. Ilitoka safi.

Akaiokota pateni ili aiweke tena, na hapo kichwa kikawa kitupu. Alikuwa ameigeuza, au bado? Aliigeuza, akaona ilikuwa sahihi kwanza, akairudisha, akaona si sahihi. Mkono uliozoea kujua wenyewe ulikuwa haujui. Zamani angekata tu, kwa kasi, na kasi ingemwokoa. Mama mkwe wake alikuwa akimwambia haraka haraka haina baraka naye akimcheka, kwa kuwa baraka zake zote zilikuja kwa haraka.

Aliweka mkasi chini. Akaketi kwenye kigoda, mikono mapajani, akasubiri. Nje palikuwa kimya kabisa, na alijua hakuna mtaa ulio kimya hivyo wenyewe. Mtu fulani alikuwa akiulinda huko kibarazani, akiwazuia watu kwa macho na mikono. Mkasi alijiachia katika ukimya ule bila kuona haya.

Wazo lilikuja. Lilichelewa, lakini lilikuja lote. Hakuhitaji pateni. Alichukua kile kifua cha kushoto alichokwisha kukata akakilaza kifudifudi juu ya kitambaa, uso kwa uso, vyote vikilalia upande mmoja. Kikilala hivyo, chochote kitakachokatwa kukizunguka lazima kiwe cha kulia. Hata mwenye usingizi hawezi kukosea. Ni njia ya polepole, maana mahameli juu ya mahameli huteleza, na wakataji hodari huidharau. Aliibana kwa pini nyingi, moja moja. Akakata. Akainua vipande viwili akavishika mbele ya dirisha, na vikatazamana.

Alikaa kidogo navyo. Alikuwa na furaha ya utulivu ambayo zamani, alipokuwa akikata makoti matatu kabla ya chai, hakupata nafasi ya kuihisi.

Kisha akafungua mlango. Redio alikuwa ameketi kando ya cherehani yake isiyowashwa, wateja wawili wamepangwa kwenye benchi kama wanafunzi. Alimwangalia Mkasi usoni, akaviona vile vipande, akavigusa kimoja kwa kila mkono. Aliwaambia wateja warudi baada ya chai, nao wakaondoka kwa kunyata.

"Ingia ndani, wifi," alisema Mkasi. "Nimemaliza kwa leo. Sasa sema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Umenyamaza tangu asubuhi."

Redio aliketi, na baada ya kukohoa kidogo akaanza, kwanza kwa woga, halafu kwa kasi yake. Alianza na kisa chake cha siku zote, cha utoto wake: kwamba alichelewa kusema, kwamba watoto wa umri wake walikuwa wameshaanza kuimba naye hatoi hata neno, na mama yake, kwa kuogopa nyumba iwe bubu, alimwongelesha kutwa nzima, akipika, akifagia. Mkasi alikisikia kisa hicho mara zisizo na idadi. Alikiitikia kila mara. Leo mikono yake ilikuwa mitupu, hakuna mkasi wala chaki wala mteja, na kwa kuwa kichwa chake sasa kiliweza jambo moja tu, jambo hilo likawa wifi yake.

"Na ulipoanza kusema," aliuliza, "neno lako la kwanza lilikuwa nini?"

Redio alikatiza kisa pale pale alipofikia.

"Hadithi hii nimekusimulia miaka mingapi, wifi?"

"Mingi. Nilikuwa nakata."

"Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Hata mume wangu, Mungu amrehemu. Hakuna." Alitoa leso, akaikunja, akaikunjua. "Siku moja mama alichoka. Akanyamaza, akakaa chini, akajifunika uso. Nikamsogelea nikamvuta nguo. Nikamwambia, 'Endelea.'"

Mkasi hakuushukuru ugonjwa, asije mtu akasema alifanya hivyo. Ulimnyang'anya mengi na ulikuwa bado njiani. Alimshukuru mwanamke huyu aliyeketi mbele yake akisubiri kuona kama amesikilizwa. Alivuta kigoda karibu naye.

"Kisha?" akauliza.